Asilimia 75, na kidole kilichokataliwa

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuoni, juzi usiku kanitumia picha ya tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa idara yao. Asiyefikisha asilimia 75 ya mahudhurio hataingia kwenye mtihani wa mwisho wa semista, hakuna maelezo yatakayopokelewa. Hayo maneno matatu ya mwisho ndo yamenifanya nikae niandike, maana nimeyasoma mara ya kwanza miaka kadhaa iliyopita kwenye ubao wa chuo kingine kabisa na bado nikiyaona tumbo linanikaza.

Ngoja nipige hesabu kwanza kwa wale ambao hawajawahi kuishi na hii kitu. Semista wiki 15, lekcha moja kwa wiki, asilimia 75 ya 15 ni kumi na moja na robo, na kwa vile hakuna robo ya lekcha basi lazima uhudhurie 12. Una siku tatu za kukosa. Tatu. Ukiugua malaria, dawa ya mseto unameza siku tatu lakini mwili wenyewe unarudi baada ya wiki, hapo moja imeenda. Bibi kafariki Songea, siku nzima kwenye basi kwenda, mazishi, siku nzima kurudi, ya pili hiyo. Alafu masika, Jangwani pakijaa maji barabara ya Morogoro inafungwa, mwendokasi unasimama, wewe unatoka Kimara uko kituoni umeshika begi kichwani, ya tatu. Imeisha. Na hapo hujalala hata siku moja, hujaenda kula bata, hujafanya kosa lolote lile.

Sasa sisi tulianza na karatasi. Darasa letu tulikuwa mia nne na kitu kwenye ukumbi ambao ukiuangalia tu unajua ulijengwa kwa watu mia mbili, wengine wamekaa dirishani, wengine wamebeba viti vya plastiki kutoka kantini, wengine wamesimama mlangoni. Karatasi ya atendansi inaanzia mbele kushoto na kuanzia dakika hiyo hakuna anayesikiliza, kila mtu macho yako kwenye karatasi imefika wapi, lekchara anaandika ubaoni huku nyuma unasikia minong'ono "imefika wapi, imefika wapi, usiiruke hii safu bana". Mtu akishasaini anainuka anatoka kwa mlango wa nyuma. Na kuna waliokuwa wanasainia wenzao wanne, watano, wanabadilisha kalamu, hii ya bluu hii nyeusi, wanabadilisha mwandiko, mimi mwenyewe nilimsainia mwenzangu wa hosteli zaidi ya mara moja na sikuona vibaya kwa sababu nilijua amelala na homa.

Uongozi ukaliona hilo, na kiukweli walikuwa na haki ya kuliona. Mwaka wa pili wakaleta mashine ya alama za vidole.

Mashine moja. Watu mia nne. Lekcha saa mbili asubuhi, foleni inaanza saa moja na robo, na saa mbili na nusu bado kuna watu nje wanasubiri kuweka kidole, nusu saa ya somo imeshapita na hao walioko nje wametoka Mbagala na Gongo la Mboto wameamka saa kumi alfajiri kugombania daladala.

Kulikuwa na dada mmoja darasani kwetu, jina lake siliandiki. Hakupata mkopo wa Bodi, kwa hiyo wakati wengine tunasubiri bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, liingie yeye alikuwa anasuka nywele Tandika jioni na wikiendi nzima, ada yake analipa kidogokidogo kwa hiyo mikono. Wanaosuka wanajua, rasta unazichoma ncha, unazichovya kwenye maji ya moto, nyuzi zinakukata vidole kila siku. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini, zimeng'aa, zile mistari hazipo. Anaweka kidole, taa nyekundu. Anakifuta kwenye sketi, anakipuliza, anaweka tena, nyekundu. Anaweka cha pili. Anaweka cha mkono wa kushoto. Nyuma watu wanaanza, dada pisha, dada tunachelewa. Anapisha. Anaingia ndani anakaa mstari wa kwanza kama kawaida yake anafungua daftari. Mfumo unaandika hayupo.

Watu watakumbuka hili, ule wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mwisho ulikuwa Desemba 2019 ukasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, mitaani kulikuwa na wakulima na mafundi na wazee ambao vidole vyao vilikuwa vinakataliwa hivohivo. Nchi nzima iliona kwamba kidole cha mtu anayefanya kazi za mikono kinaweza kufutika. Lakini pale mlangoni kwetu ilionekana kama yeye ndo ana tatizo.

Wiki ya 12 ikabandikwa orodha ya waliozuiwa UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista. Yeye yumo. Asilimia zake hazifiki hata 50. Na madesa, zile notsi tuliyokuwa tunasomea nusu ya darasa, yale tuliyokuwa tunatoa kopi kwa mwenye duka la steshenari pale nje ya geti, yalikuwa ni ya daftari lake.

Hapo ndo tukaanza. Na nataka niseme jinsi tulivyoanza kwa sababu watu wakisikia wanafunzi wanapinga jambo chuoni wanawaza mgomo tu, mabomu ya machozi, chuo kimefungwa. Wazazi wetu wana hofu hiyo na hofu yao ina historia. Oktoba 22 mwaka 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu mia nne, wakarudishwa makwao. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungwa. Baba yangu nilipomwambia kwenye simu kwamba tunaandika barua alinyamaza muda mrefu, akasema mwanangu, mimi nimeuza ng'ombe. Hakuongeza neno. Nilielewa.

Kwa hiyo tulikubaliana mapema kabisa kwamba hakuna mgomo, hakuna kufunga mlango wa mtu. Jioni tatu mfululizo tulikaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya chuoni, na CR wetu, yaani mwakilishi wa darasa, watu kama kumi na nne, taa moja ya simu katikati, tunaandika, tunafuta, tunagombana. Wengine walitaka tuombe atendansi ifutwe kabisa. Mimi nilikataa na mpaka leo ningekataa. Anayehudhuria sana kwa kawaida anafaulu zaidi, hilo halina ubishi, na kuna watu darasani kwetu ambao bila ile foleni wasingeonekana mpaka wiki ya mtihani, tunawajua. Alafu kuna fani ambazo huwezi kulegeza kabisa, mtu anayesomea unesi akikosa wodi nani atamfundisha kushika mgonjwa, hawezi kuisoma hiyo kwenye kopi. Tulichoomba ni vitu vya kawaida tu, idadi ya mahudhurio ibandikwe kila mwezi ili mtu ajue anasimama wapi badala ya kustukizwa wiki ya 12, cheti cha hospitali na barua ya serikali ya mtaa kuhusu msiba vipokelewe, anayekataliwa na mashine asaini kwenye karatasi mbele ya lekchara.

Na la mwisho ndo lilitugombanisha zaidi. Lekchara naye asaini.

CR wetu alikuwa na kidaftari kidogo chenye gamba la kijani, kila wiki anaandika tarehe, kozi, lekchara kaja au hakuja, kachelewa dakika ngapi. Kuna kozi moja kati ya wiki 15 lekchara alikuja wiki 9. Tisa! Zile sita hatukutaarifiwa, tulikuwa tunakaa ukumbini saa nzima tunamsubiri alafu tunatawanyika. Tisa kwa 15 ni asilimia 60. Angekuwa mwanafunzi asingeingia kwenye mtihani. Wenzetu wengine walisema tusiliweke hili, tutawachukiza, maksi za koziweki, zile za kazi za ndani ya semista, ziko mikononi mwao. Mwishowe tuliliweka kwa sentensi moja yenye adabu bila jina la mtu.

Tukaongeza na jambo la krediti, hili nililitoa mimi maana nilikuwa nimeusoma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na digrii ya kwanza ya miaka mitatu ni krediti 360, kwa hiyo ni saa 3,600. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Sisi lekcha na semina kwa pamoja zilikuwa saa 4 kwa wiki, wiki 15, saa 60 basi. Saa 60 nyingine ziko maktaba, ziko kwenye asaimenti, kwenye vimbweta, ziko kitandani usiku na tochi ya simu. Ile nusu ya ukumbini inapimwa kwa mashine mpaka asilimia, na ile nusu nyingine hakuna aliyewahi kuuliza kama maktaba ina viti vya kututosha.

Tulipoingia kwa mkuu wa idara tulikuwa watano. Shikamoo Dokta, marahaba, kaeni. Alisoma barua yote kimya, hilo nampa heshima yake, hakuirusha pembeni. Akasema, "Nyie mkiachiwa hamtakuja kabisa." CR akamwambia, "Dokta, hatujaomba kuachiwa, tumeomba kusikilizwa kabla ya kuzuiwa." Alafu yule dada akanyoosha mikono yake juu ya meza. Hakusema kitu, aliigeuza tu viganja juu. Yule mzee akavua miwani, akaangalia vidole, akamwita sekretari aje na karatasi.

Sitaki nidanganye kwamba tulishinda. Asilimia 75 ilibaki palepale. Vyeti vya hospitali vikakubaliwa, karatasi ya pembeni kwa wanaokataliwa na mashine ikakubaliwa, orodha ikawa inabandikwa wiki ya 6 na ya 10. Suala la lekchara kusaini halikujibiwa kabisa, si ndiyo si hapana. Na yeye mwenyewe yule dada semista ile ilikuwa imeshaamuliwa juu kwenye vikao, akaambiwa asubiri mwaka unaofuata afanye mitihani ile. Mwaka mzima wa kusuka, kwa sababu ya taa nyekundu. Sisi tulivaa joho yeye yupo jukwaani kwa wageni na mtoto wa dada yake mapajani, alipiga vigelegele kuliko mtu yeyote pale na mimi sikuweza kumwangalia.

Wabongo waliosoma India wanaijua hii 75 kuliko sisi. Kule vyuo vingi ni sheria kabisa. JNU, Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru pale Delhi, ambako haikuwepo waliiingiza mwishoni mwa 2017, na Februari 2018 wanafunzi wakazunguka jengo la utawala wakiipinga, walikuwa wanasema chuo chao kimejengwa juu ya kubishana na kusoma, watu wanakuja darasani kwa sababu wanataka. Na Delhi hiyohiyo mwaka 2016 kijana wa sheria alizuiwa mitihani kwa ajili ya mahudhurio akajiua. Kesi yake ilizunguka mahakamani miaka mingi na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Delhi ikasema mwanafunzi wa sheria asizuiwe mtihani kwa sababu ya mahudhurio peke yake. Niliposoma nilikaa kimya muda. Miaka tisa, na mtu amekufa, ndo ipatikane sentensi hiyo. Kenya vyuo vingi wanasema theluthi mbili, ni nafuu kidogo, ingawa na wao ukiongea nao wana hadithi zao za karatasi.

Mi naamini mwalimu anayemuona mwanafunzi haji anapaswa kuuliza. Kuuliza tu, uko wapi, umekuwaje. Darasa la watu mia nne haliwezekani najua, lekchara mmoja ana kozi tatu na skripti, yaani karatasi za majibu, elfu moja za kusahihisha, lakini basi tusiwape mashine kazi ya kuuliza kisha tukaandika chini yake kwamba hakuna maelezo yatakayopokelewa.

Ile barua yetu ninayo mpaka leo, kopi yake imekunjwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vyangu. Jana nimeipiga picha kurasa zote mbili nimemtumia mdogo wangu. Kanijibu saa tano usiku, "Dada sasa sisi tuanzie wapi, watu wanaogopa."

Nikamuuliza darasani kwenu kuna mtu mashine inamkataa?

Akasema wapo wawili. Mmoja anafyatua tofali na baba yake kila likizo, mwingine hajui kwa nini.

Nikamwambia kesho wahi, simama nao kwenye foleni, andika tarehe na saa kila taa inapowaka nyekundu.