Modeli ya Jahazi Hukamilika Lini?

Kila anayetengeneza modeli za vyombo vya baharini hufika mahali ambapo hakuna tena kazi iliyo dhahiri mbele yake, na bado mkono unataka kuendelea: kuongeza kamba moja, kupaka rangi kwa mara nyingine, kuchonga pipa la maji la kuweka sitahani. Wapo wasemao kwamba kazi huisha siku mnunuzi anapobisha hodi, na wapo wasemao kwamba haiishi kamwe, bali fundi huchoka akaiacha. Sikubaliani na pande zote mbili. Mimi hutengeneza modeli za majahazi ya Lamu, yale yenye omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, iliyosimama wima, tofauti na ya Unguja ambayo omo yake hulalia mbele, na nimeamini kwamba jibu limo ndani ya skeli, yaani uwiano wa vipimo vya modeli na vya chombo halisi, ambayo fundi huichagua kabla hajakata ubao wa kwanza.

Skeli yangu ni 1:20. Jahazi lenye urefu wa mita 15 huwa modeli ya sentimita 75, na anayeitazama modeli hiyo kutoka nusu mita ni sawa na mtu aliyesimama gatini akilitazama jahazi lenyewe kutoka mita 10. Hesabu hii ndogo ndiyo hakimu wangu. Kabla ya kuanza kazi huenda gatini, nikasimama mita 10 kutoka kwenye chombo kilichofungwa, nikaandika kila ninachokiona: mistari ya maungio ya mbao, duara la jicho kwenye omo, jamvi la makuti lililozungushiwa pembeni ili maji yasirukie shehena, makapi ya kupitishia kamba, henza, yaani kamba inayopandishia foromali (mti unaobeba tanga), demani, kamba ya kuongozea tanga, iliyofungwa karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo. Kisha huandika nisivyoviona. Kichwa cha msumari chenye upana wa milimita 12, kilichozamishwa ndani ya ubao na kupakwa mafuta pamoja nao, hakinijii machoni kutoka pale nilipo. Kwa hiyo kwenye modeli, ambako kingekuwa na milimita 0.6, hakina haki ya kuwapo, hata kama mkono wangu unakiweza. Nimeona modeli zilizopigwa pini za shaba zenye vichwa vinavyong'aa kuanzia omo hadi tezi, na kwa kweli ubavu wa chombo hugeuka kuwa kama koti lenye vifungo vingi kupita kiasi. Fundi aliweka bidii kubwa, lakini alikwisha kuupita mwisho wa kazi yake bila kujua.

Kamba ndizo zinazodai uangalifu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu msokoto wake huonekana vizuri kutoka mbali. Kamba ya milimita 40 inakuwa milimita 2, na uzi wa dukani wa unene huo mara nyingi umesukwa kwa namna ambayo hakuna kamba ya jahazi iliyosukwa hivyo. Kwa hiyo husokota zangu mwenyewe: huchukua nyuzi nyembamba za pamba, nikazigawa katika mafungu matatu, nikayakaza kila moja upande mmoja, kisha nikayaacha yajizungushe pamoja kwa upande wa pili. Likishatoka umbo la kamba, hulipitisha haraka juu ya mwali wa mshumaa ili manyoya yaungue, halafu nikalisugua kwa nta. Wanaoniona wakati huo hudhani nazidisha unadhifu. Lakini unyoya wa milimita 1 uliosimama juu ya henza ya modeli ni unyoya wa sentimita 2 kwenye henza halisi, na hakuna nahodha ambaye angeitundikia foromali yake kamba yenye manyoya ya namna hiyo. Henza ambayo haijapitishwa motoni haijakamilika, ijapokuwa imefungwa mahali pake na inavuta.

Vanishi inayong'aa huiepuka kabisa. Mbao zilizopakwa mafuta ya sifa, yaani mafuta ya papa, hazimetameti kama meza ya sebuleni.

Tanga lina tabu yake, nayo haiondoki kwa ustadi. Kitambaa cha unene wa milimita 0.3 kinawakilisha tanga la milimita 6, jambo lisilokuwapo katika bahari yoyote, na ndiyo maana matanga ya modeli nyingi husimama makavu kana kwamba yamekatwa kwenye bati. Mimi huonyesha tanga likiwa limekunjwa na kufungwa kwenye foromali. Na hata hapo hukata kitambaa pungufu sana ya eneo halisi, kwa kuwa tanga zima la kitambaa hicho likikunjwa hutoa furushi nene kuliko foromali yenyewe. Ninajua kwamba mtu akilifungua atakuta kipande tu, lakini modeli huiga kile kinachoonekana.

Baada ya skeli kuna siku. Ni lazima fundi aamue modeli yake ni jahazi la siku gani katika umri wake, maana chombo kipya kinachosubiri kushuliwa majini na kile kilichobeba mawe na boriti kwa miaka mingi havifanani. Nikichagua jahazi lililo kazini, mlingoti wake hukwaruzika pale foromali inaposugua, na mbao za juu huparara kwa jua. Lakini chini ya mstari wa maji deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa chini ya chombo, inaweza kuwa nyeupe na mpya kabisa, kwa sababu mabaharia hukipandisha chombo pwani na kukipaka deheni tena na tena katika maisha yake. Fundi asiyelijua hilo huchafua kila kitu kwa kiwango kimoja, na asiyeichagua siku hawezi kumaliza, kwa kuwa daima atakuwa na alama nyingine ya uchakavu ya kuongeza.

Mtepe ni habari nyingine. Chombo hicho cha visiwa vya Lamu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi na tanga lake la mkeka likawa la pembe nne, kilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, na hakuna gati ninaloweza kusimama leo kukitazama. Kilichobaki ni picha, maelezo ya waliokiona, na modeli za zamani zilizohifadhiwa katika makumbusho. Hapa naona kwamba mwisho wa kazi unawekwa na ushahidi: panapothibitishwa mshono, naushona, pasipothibitishwa mpangilio wa vitu vya ndani, naacha patupu, ingawa nafasi hiyo inaita kujazwa kuliko nyingine zote. Modeli ya chombo kilichotoweka huaminiwa na watu ambao hawana kingine cha kulinganisha nacho, na kitu nilichokibuni kingehesabiwa kuwa historia. Kwa hiyo chini ya kitako cha mtepe huandika skeli, huandika ni siku gani ya chombo niliyoikusudia, na huorodhesha kwa majina yake sehemu nilizoziacha kwa makusudi.