Mapepe huanzia ndani ya ua

Ukipita kwenye majaruba ya mpunga ya Magu au Misungwi, mkoani Mwanza, karibu na mavuno, angalia masuke. Lililojaa huinama. Lililosimama wima, libinye: mara nyingi ni mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Mama mmoja tunayepakana naye mashamba aliniuliza, "Mwalimu, mbolea niliweka, maji yalikuwepo, sasa shida nini?" Nikamwambia, mama, msimu ujao tuanze kutazama ua.

Ua la mpunga hufunguka jua likishapanda, kama saa nne hadi saa sita hivi, halafu linajifunga. Ndani mna vichavulio sita, vifuko vinavyobeba chavua, yaani unga wa kiume wa ua. Ngano ina vitatu tu. Kichukue kimoja kabla ua halijafunguka, kiponde kwenye kioo pamoja na tone la iodini, kisha weka chini ya hadubini. Chavua nzima ni duara, nyeusi tii, kwa kuwa imejaa wanga. Iliyokufa hubaki na umanjano, imesinyaa. Wanafunzi wangu wengi wamekulia kwenye mpunga, na wakiiona hiyo wananyamaza kabisa.

Baridi wakati mpunga una mimba, suke likiwa bado limefichwa ndani ya bua, huiua chavua. Joto la kupita nyuzi 35 wakati wa kuchanua nalo huharibu uchavushaji, na ukame pia. Hayo wakulima wanayajua kwa uzoefu. Kisichosemwa shambani ni mafuta.

Kila chembe ya chavua imezungushiwa utando wa lipidi, yaani mafuta, nje yake ukuta mgumu, na juu ya ukuta huo koti jingine la mafuta. Malighafi nyingi za ukuta na koti hutoka kwenye tapetamu, safu ya seli iliyo ndani ya kichavulio, ambayo huilisha chavua na kisha kufa. Na lazima ife kwa wakati wake: ikiwahi au ikichelewa, chavua inaharibika. Jeni CYP704B2, iliyoelezwa mwaka 2010, hutoa kimeng'enya kinachogeuza asidi za mafuta ziwe malighafi ya ukuta. OsABCG15 hutoa protini ya utando inayosafirisha lipidi kutoka tapetamu. Ikiharibika mojawapo, mmea unastawi, majani ya kijani, suke linatoka vizuri, punje hakuna.

Jeni OsOSC12 ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2018 watafiti wa China walionyesha kwamba ikikosekana, koti la chavua linakuwa na kasoro na chembe inakauka upesi. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 60 mpunga huo hauzai. Ukipita asilimia 80, unazaa. Mmea ni ule ule! Hewa ya Igombe ufukweni si hewa ya Kwimba, mbali na ziwa, na tangu nisome habari hiyo siwezi kuzungumzia mbegu bila kuuliza itapandwa wapi.

Halafu kuna OsMATL. Hii hutoa fosfolipase, kimeng'enya kinachokata lipidi za utando, na hufanya kazi ndani ya chavua. Mwaka huo huo wa 2018 ilionyeshwa kwamba ukiizima, asilimia 2 hadi 6 ya mbegu zinazopatikana hubeba urithi wa mama peke yake, kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 12 badala ya 24. Mtafiti akizizidisha kromosomu hizo mara mbili, anapata papo hapo mmea usiobadilika tabia kizazi hadi kizazi. Kwa njia ya kawaida angesubiri vizazi kadhaa.

Kwangu hilo lina maana moja kubwa. Supa, aina yetu ya mpunga ya siku nyingi, inanukia, lakini ni ndefu, inaanguka na inachelewa kukomaa. Aina nyingine, SARO 5, ni fupi na inazaa sana. Anayetaka harufu ya Supa kwenye bua fupi, tena yenye chavua inayostahimili jua la huku, anachanganya sifa nyingi kwa wakati mmoja, na mkulima wa jaruba hana miaka kumi ya kusubiri. Ningependa sana kuona kazi hiyo ikifanyika hapa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kwa mbegu zetu. Kwa sasa, mama jirani ameshachagua kona ya jaruba lake tutakapochuma maua, na hadubini ya shule nimeiombea ruhusa.