Ami alinifundisha kuendesha baiskeli, na yeye mwenyewe hajawahi kuipanda

Nimeendesha tuktuk Malindi miaka 11 sasa. Kabla ya hapo nilibeba abiria kwa baiskeli, enzi zile boda boda ilikuwa baiskeli kwelikweli: karia nyuma, mto wa sponji juu yake, na mama wa watu amekaa upande na kikapu chake cha sokoni. Wakati huo nilikuwa na miguu. Tuktuk ilikuja ikaninyang'anya miguu polepole, ikanipa kitambi. Sikulalamika, maana kwetu mwanamume mwenye kitambi huambiwa mke wake anamtunza.

Desemba 2024 nilimpeleka mama mkwe kliniki kupimwa presha. Muuguzi alipomaliza naye akaniangalia mimi, niliyekuwa nahema kwa kupanda ngazi nne tu, akasema, "Na wewe baba, lete mkono." 158 kwa 96. Kwenye mizani, kilo 97. Hakunitisha. Aliniambia nipunguze chumvi, nirudi tena kupimwa, na nitafute angalau dakika 150 kwa wiki za kuutoa mwili jasho, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa mtu mzima. Nilipiga hesabu nikirudi nyumbani. Dakika 150 ni saa mbili na nusu. Mimi kwenye tuktuk hukaa saa 12 kwa siku moja.

Januari nikapata baiskeli ya mtumba, ya gia 21, kwa fundi mmoja wa Barani. Shilingi 13,500 pamoja na kofia ngumu. Nyuma ya kalenda ya ukutani nikaandika malengo matatu kwa kalamu nyekundu: kilomita 3,000 kabla mwaka haujaisha, kwenda Kilifi na kurudi kwa siku moja nikiwa nimeligusa daraja la huko kwa mkono, na kushuka hadi kilo 85. Mke wangu alisoma, akauliza kama karo ya muhula wa kwanza nayo nimeiandika mahali.

Wenzangu wa steji walinipa jina siku hiyo hiyo: Froome. Kwa asiyemjua, Chris Froome alizaliwa Nairobi na ameshinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France mara nne, kati ya 2013 na 2017. Yeye ni mwembamba kama spoki. Mimi nilikuwa na kilo 97. Ndio utani wenyewe.

Wiki za kwanza nilikwenda daraja la Sabaki na kurudi, kilomita kama 14 kwa jumla, na goti la kushoto likaanza kuuma kiasi kwamba nilishuka tuktuk nikichechemea. Nilitaka kuacha. Fundi aliniambia nipande baiskeli mbele yake huku nimeegemea ukuta. Akacheka. Kiti kilikuwa chini mno, nilikuwa napiga pedeli kama mtu aliyechuchumaa. Akanifundisha kipimo ambacho hakigharimu kitu: kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudi kukanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litakuwa limekunjika kidogo, ipasavyo. Akapandisha kiti kama vidole vinne. Baada ya siku kumi goti lilinyamaza, na tangu hapo sijalisikia.

Hapo kichwa kikavimba. Katikati ya Februari, hata mwezi wa mazoezi haujakamilika vizuri, nikaamua kwenda Kilifi.

Ni kilomita kama 60. Niliondoka saa mbili asubuhi, nimekunywa chai ya rangi peke yake, na sijawahi kuona barabara ikinipenda vile. Gede nilipita naimba. Baada ya hapo msitu wa Arabuko-Sokoke ukawa kuliani, na Mida kushotoni, na mimi katikati nimebadilisha gia nzito naona kama baiskeli inakwenda yenyewe. Matsangoni, Tezo, Kilifi mjini. Saa mbili na dakika 40. Nilifika darajani, lile lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991, nikaweka kiganja kwenye chuma, nikajipiga picha, nikawatumia watu wa steji. Niliandika maneno ya kiburi ambayo hayafai kurudiwa hapa.

Kurudi, ilikuwa kama kuna mtu ameshika karia. Jua la saa sita, na hewa inakuja usoni nzito kama shuka lililoloa maji. Gia niliyojia nayo nikaishusha, nikaishusha tena, mpaka zikaisha. Nilipofika Matsangoni nilikuwa natetemeka mikono na naona vinyota. Nikakaa chini ya mwembe, mama mmoja wa Kigiriama akanipa maji na ndizi mbili bila kuniuliza lolote, Mungu amlipe. Kisha nikapanda matatu kurudi Malindi, baiskeli juu ya keria, mimi ndani nimejificha nyuma ya mwanamke mwenye magunia. Nilishuka kabla ya kufika mjini ili steji wasinione.

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alikuwa nahodha wa mashua mpaka macho yalipomchoka. Sasa baada ya swala ya alasiri hukaa barazani kwake Shela, na hakuna habari ya Malindi isiyompitia. Hii pia ilimpitia.

"Uliondoka na upepo gani?"

"Sikuangalia upepo, Ami. Nilikwenda kwa baiskeli."

"Kwani hiyo baiskeli yapita chini ya maji?"

Nikanyamaza.

"Hii ni kaskazi, mwanangu. Kaskazi yakupeleka Kilifi bure, kisha yakudai wakati wa kurudi. Na wewe ulikwenda ukadhani ni miguu yako." Akanyoosha mkono kaskazini-mashariki, akauleta mpaka usoni pangu. "Kubisha ni kwa asubuhi, mtu ana nguvu na tumbo lina kitu. Jioni rudi na tanga."

Kubisha, kwa asiyekulia pwani, ni kukiendesha chombo kwenda kule upepo unakotoka, ukikata pembe hii na pembe ile. Mimi mjukuu wa wavuvi nililijua neno tangu utotoni. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba linahusu lami. Watu husema Malindi kuendesha baiskeli ni rahisi kwa sababu hakuna milima. Milima tunayo, inahama tu. Desemba hadi Machi iko upande wa Mambrui, kaskazini, na Mei hadi Septemba iko upande wa Gede, kusini.

Binti yangu aliye kidato cha tatu alinipa upande wa fizikia. Mwendo wa hewa juu ya mwili wako ukiongezeka mara mbili, ukinzani wake unaongezeka mara nne. Ndiyo maana upepo ambao kwenye kibaraza unauita wa kupunga, ukiwa unaukabili kwa baiskeli unakuvunja mgongo. Nilimwambia Ami hiyo hesabu. Akasema mara nne ni chache.

Machi ilikuwa Ramadhani. Nilipanda dakika 40 hivi kabla ya futari, taratibu, hadi mnara wa Vasco da Gama na kuzunguka mitaa, nikirudi nyumbani adhana ikikaribia. Sikutafuta mwendo. Kilomita 150 mwezi mzima. Kisha masika ikaingia, cheni ikashika kutu, matope yakafika mpaka kwenye kofia, na hapa nikafanya upumbavu wa pili wa mwaka. Mei nilikuwa nyuma sana kwenye zile 3,000, basi nikawa napanda na mvua, na siku nyingine na homa, ili kujaza namba kwenye kalenda. Nilikohoa wiki tatu na tuktuk ikakaa. Dereva huzoea kuhesabu hivyo: siku ikiwa mbaya unaongeza saa usiku mpaka hesabu ya mwenye gari itimie. Mwili haupokei hesabu hiyo. Nikaikata ile namba 3,000 kwa kalamu nyeusi, na tangu siku hiyo ndipo mazoezi yalipoanza kuwa mazoezi.

Juni kusi, upepo wa kutoka kusini, ikatulia kwenye kazi yake. Nikajiwekea Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri baada ya swala, kwenda Gede na kurudi, kilomita kama 32. Taa mbele, taa nyuma, na fulana ya kung'aa, kwa sababu kuna basi moja lililonipita karibu hivi kwamba kioo chake kilinipepea sikio. Alfajiri upepo bado umelala nusu. Kufika saa nne asubuhi umeamka wote. Kwenda nilikuwa nabisha. Kurudi nilikuwa nateleza, na hata siku mbaya ilikuwa na mwisho mwema.

Wakati mwingine nilipata msaada. Kuna kijana huwa anapeleka pombe ya mnazi kwa baiskeli ya zamani isiyo na gia, madumu mawili pembeni na moja juu, na anakwenda kunishinda. Nikagundua kwamba nikikaa nyuma yake, karibu lakini si karibu sana, upepo anaupokea yeye na mimi napumua. Wanaoshindana kwenye Tour ndivyo wanavyokwenda, wanapokezana mbele. Sisi hatukupokezana, nilikuwa nyuma siku zote. Tatizo ni kwamba upepo ule ule alionikingia ulikuwa unaniletea harufu ya madumu, nami nimetoka msikitini sasa hivi. Ami nilimwuliza hukumu yake. Akasema kunusa si kunywa, ila nisivute pumzi kwa raha.

Jumamosi moja ya Agosti nikarudi Kilifi. Safari hii nilikula mahamri mawili na mbaazi kabla ya kutoka, nikabeba tende, ndizi, na chupa mbili: moja ya maji matupu, nyingine lita moja ya maji yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, na ndimu nikaikamulia kwa ajili ya ladha. Ni dawa ile ile wanayopewa watoto wenye kuharisha. Nilikuwa nakula kitu kila baada ya nusu saa, nina njaa sina njaa.

Kwenda ilikuwa kazi. Kusi haikupigi uso wazi. Inakujia ubavu wa kushoto kwa mbele, inakusukuma kwenye lami huku malori yanakusukuma nje. Tezo nilifika nimechoka na nimekasirika. Saa tatu na dakika 25 mpaka darajani. Sikujipiga picha. Nilikunywa dafu, nikala ugali samaki, nikapumzika chini ya mti saa nzima.

Halafu nikageuza usukani.

Matsangoni nilisimama kuutazama ule mwembe. Yule mama hakuwepo, nikamwachia jirani yake fungu la ndizi. Mida, Gede, na mjini nikaingia saa nane na nusu mchana, saa mbili na dakika 50 za kupiga pedeli, miguu ikiwa na kitu bado. Steji walipiga honi tuktuk zote. Septemba tulipokusanyika kwenye simu moja kutazama mashindano ya dunia kule Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika, zaidi ya kilomita 260 na vilima visivyokwisha, walikuwa wananiuliza mimi maswali kama mtaalamu. Nilijibu yote. Mengine nilibuni.

Mwisho wa Novemba nilijumlisha. Kilomita 2,310. Kilo 87. Presha 134 kwa 86, na muuguzi akasema ameridhika kiasi, chumvi bado. Kati ya malengo matatu nimetimiza moja.

Sasa kaskazi imerudi, nami nimegeuza njia: natoka kwenda Mambrui nikiubisha, narudi nao mgongoni. Ami alipogundua hilo alinyamaza muda mrefu, nikadhani anatafuta neno la kunisifu. Akaniuliza kama wavuvi wa Mambrui bado wanauza samaki aina ya changu asubuhi. Jumamosi iliyopita nimerudi na watatu kwenye karia, na upepo ulivyokuwa mkali, naambiwa harufu ilifika Shela kabla yangu.