Kutoa kiinitete cha kuku juu ya kiini bila kukichana

Mayai ya dukani hayafai kwa kazi hii, maana kuku wa mayai kwa kawaida hufugwa bila jogoo. Mimi huchukua kwa mfugaji wa kienyeji mwenye jogoo mmoja kwa mitetea isiyozidi kumi, na humwomba ayaokote mara kadhaa kwa siku. Joto ndilo linaloniharakisha. Yai linapotagwa, kiinitete kimeshaanza kukua zamani: limekaa karibu saa 20 katika sehemu inayotengeneza ganda, na kile kidoa cheupe juu ya kiini kimeshakuwa seli kati ya 40,000 na 60,000. Seli hizo hazikukigawa kiini chenyewe. Kiini ni kikubwa na kizito mno, kwa hiyo mgawanyiko huishia juu tu, kwenye sahani nyembamba yenye upana wa milimita 3 hadi 4. Kilichobaki chini ni chakula.

Chini ya nyuzi 20 hivi ukuaji husimama. Juu kidogo ya hapo huendelea kwa kusuasua na bila mpangilio, na hapo ndipo mayai mengi ya Pwani huharibikia: yai lililolala mezani usiku wa Januari Dar es Salaam halijapumzika wala halijakua sawasawa. Nayahifadhi kwenye nyuzi 15 hadi 18, si zaidi ya siku saba. Friji ya jikoni ni baridi mno.

Kwenye mashine ya kutotolea nayalaza ubavu, nyuzi 37.5 hadi 38, unyevu asilimia 55 hivi, na juu naweka alama ya penseli. Siyageuzi, kwa kuwa kidoa huelea na kukaa upande wa juu. Kwa jedwali la Hamburger na Hamilton la 1951, linalopanga hatua za ukuaji wa kiinitete cha kuku, mchirizi wa mwanzo (mstari unaoonyesha mhimili wa mwili) hukamilika baada ya saa 18 hadi 19 kwenye mashine. Baada ya saa 33 hadi 38 utahesabu jozi kumi za pingili za mgongo, na moyo huanza kupiga karibu na hapo. Yai lililotoka kwenye ubaridi huchukua saa kadhaa kupata joto, basi ukikuta kiinitete kiko nyuma ya jedwali usishangae.

Maji ya chumvi nayatengeneza hivi kwa lita moja: chumvi safi gramu 7.2, kloridi ya potasiamu gramu 0.37, kloridi ya kalsiamu gramu 0.17. Nayapasha hadi nyuzi 38. Napasulia yai humo, ganda likiwa limegusa maji kabisa; kiini kikianguka kutoka juu hupasuka, hasa cha yai la siku nyingi, kwa sababu utando wake hulegea kadiri yai linavyokaa.

Kazi yenyewe ni ute. Ule mzito hung'ang'ania utando, na ukibaki hata kidogo karatasi haishiki. Nausukuma pembeni kwa tishu iliyokunjwa, kuanzia kwenye kidoa kwenda nje, mpaka eneo hilo ling'ae bila utelezi. Kisha naweka pete ya karatasi ya kuchujia yenye tundu la sentimita moja, kiinitete kikiwa katikati ya tundu. Karatasi ikishalowa na kushika, nakata utando kuizunguka pete kwa mkasi mdogo, mikato mifupi mifupi. Ukiruka sehemu moja tu bila kukata, yote itachanika hapo wakati wa kuinua.

Nainua pete kwa kibano, kimshazari, si wima: wima hufyonza kiini juu na kukikunja kiinitete. Naipindua ili upande wa tumbo uwe juu, halafu naosha chembe za njano kwa pipeti, mkondo ukipita sambamba na utando. Ukiuelekeza chini moja kwa moja utakitoboa. Chini ya hadubini ya nguvu ndogo, mwanga ukitokea chini, eneo angavu la kati huonekana wazi, na pingili hutokea kama vitofali viwili viwili.

Ukitaka kiendelee kukua, tumia njia ya Susan Chapman na wenzake ya 2001: pete hiyohiyo, tumbo juu, juu ya ute mwepesi uliochanganywa na agari (kigandishi cha mwani) ya asilimia 0.3, ndani ya sahani ya maabara. Funika sahani na uiweke kwenye unyevu, nyuzi 38. Karatasi hubaki, kwa sababu ndiyo inayoushika utando ukiwa umekazwa. Utando ukilegea tu, kingo hujikunja na ukuaji unapinda.