Maandiko Matakatifu na Swali la Draupadi

Sisi tuliolelewa na Msahafu au Biblia, tukitaka kuijua dini ya mtu, huuliza kwanza kitabu chake ni kipi. Kwa Wahindu jibu ni jepesi, yaani Veda, lakini halitufikishi mbali, kwa kuwa dharma, ule wajibu na mwenendo wa haki unaoaminiwa kuushikilia ulimwengu, haijapata kuachiwa maandiko peke yake.

Heshima ya Veda ni kubwa mno. Wanazuoni wa Mimamsa, shule ya kufasiri Veda inayomfuata mwalimu wa kale Jaimini, walifundisha kwamba dharma haionekani kwa macho wala haipatikani kwa kukisia, bali hujulikana kwa maagizo ya Veda, na kwamba Veda hazikutungwa na yeyote, si mwanadamu wala Mungu. Kwa karne nyingi zilihifadhiwa vifuani, mwanafunzi akizipokea kinywani mwa mwalimu silabi kwa silabi, pamoja na kupanda na kushuka kwa sauti. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maneno hayo ni sifa za miungu na taratibu za kutoa kafara, na mwenye ugomvi wa urithi hapati mengi humo. Ndiyo maana sura ya pili ya Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria kinachonasibishwa na Manu, inataja vyanzo vinne vya dharma: Veda, mapokeo ya wahenga yaitwayo smriti, mwenendo wa watu wema, na kile kinachoiridhisha nafsi. Wafafanuzi walikiwekea hicho cha mwisho mipaka, wakisema nafsi inayozungumziwa ni ya mtu aliyekwisha kuadilishwa na Veda. Lakini bado andiko lenyewe linamtuma msomaji atoke nje ya andiko.

Nguvu ya jambo hili naiona zaidi katika utenzi wa Mahabharata. Yudhishthira, mfalme anayesifiwa kwa dharma kuliko wote, anacheza kamari ya dadu na binamu zake walio maadui wake, na kupoteza mali, ufalme, ndugu zake, kisha nafsi yake, na mwisho anamweka rehani Draupadi, mke wake na wa ndugu zake wanne pia, na kumpoteza. Mjumbe anapotumwa kumleta, Draupadi anamrudisha na swali moja: je, mume wangu alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi? Maana aliyekwisha kuwa mtumwa hana mali ya kuweka rehani. Anaburutwa kwa nywele hadi barazani, akiwa katika hedhi na kuvaa nguo moja tu, na bado anadai ajibiwe. Bhishma, mzee anayejua sheria zote, anasema dharma ni jambo la ndani sana, na kwamba hawezi kulitatua swali hilo. Anayesimama kumtetea ni Vikarna, kijana wa upande wa maadui. Baraza limejaa wajuzi wa maandiko, na swali halipati hukumu mpaka ishara mbaya zinapomtisha mfalme kipofu Dhritarashtra, baba wa maadui hao, naye akamwachilia Draupadi na waume zake. Kwangu mimi, andiko takatifu linalothubutu kuwaonyesha wajuzi wake wakinyamaza mbele ya dhuluma linastahili kuaminiwa zaidi, si kidogo.

Upana huo ulibanwa na Waingereza. Mwaka 1772 Warren Hastings, gavana wao wa Bengal, aliagiza kwamba kesi za Wahindu za ndoa na urithi ziamuliwe kwa vitabu vyao, na mwaka 1794 tafsiri ya Manu iliyofanywa na William Jones ilichapishwa ili mahakimu waisome bila kuwategemea mapandita, yaani wajuzi wa Kihindu wa maandiko. Desturi za kijiji na za ukoo, ambazo Manu mwenyewe alizitambua, zikabaki kutafuta uthibitisho mahakamani.

Hata hivyo, si haki kuwatwika Waingereza lawama yote. Manusmriti ina aya zinazowadhalilisha Washudra, watu wa tabaka la chini, na wanawake, na ziliumiza watu kabla ya meli yoyote kutoka London. Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, B. R. Ambedkar, kiongozi wa watu walioitwa wasioguswa, na wenzake waliichoma hadharani. Lakini dharma hakuiacha. Mwaka 1956, huko Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na maelfu kwa maelfu ya wafuasi wake, akachagua dharma isiyozitambua Veda kuwa hakimu wake, na isiyompima mtu kwa tabaka alimozaliwa.