Nilivyolitafutia "landfall" Kiswahili chake

Aprili 2019 nilikuwa natafsiri habari kwa redio moja hapa Mtwara. Kimbunga Kenneth kilikuwa kinaelekea kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na kila taarifa ya Kiingereza ilikuwa na neno hilo: landfall. Programu ya kutafsiri ikanipa "maporomoko ya ardhi". Nikaandika hivyo hivyo. Mhariri aliiona karatasi dakika chache kabla haijasomwa, nami namshukuru mpaka leo. Watu wangekaa wanatazama vilima, na hatari inatoka baharini.

Nikarekebisha: "Kimbunga kitafika nchi kavu Alhamisi jioni." Sentensi safi, nikadhani. Shangazi akanipigia simu: "Kwa hiyo mpaka jioni tuko salama?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa makini. Kwa watu wa hali ya hewa, landfall ni wakati kitovu cha jicho la kimbunga, yaani lile eneo lake la katikati, kinapovuka ufuko. Ni kitovu tu. Upepo na mvua hutangulia kwa saa kadhaa, na vinaweza kuipiga pwani hata kama kitovu hakitaikanyaga kamwe. Tena ndani ya jicho huwa shwari. Mtu anaweza kutoka nje akidhani yamekwisha, kisha upepo ukarudi kutoka upande wa pili.

Mabaharia wa Kiingereza walikuwa na neno hilo kabla ya hapo, kwa maana nyingine: kuiona nchi kwa mara ya kwanza baada ya safari ya bahari kuu. Nilimuuliza mjomba, aliyekuwa nahodha wa jahazi. "Sisi tunasema tumeiona nchi," akajibu. "Kutia nanga ni baadaye, na ukikosea hapo katikati unapanda mwamba."

Kwa hiyo kwenye habari za safari naandika "waliiona nchi". Kwenye kimbunga siandiki tena neno moja. Kilipokuja Hidaya, Mei 2024, niliandika: "Kitovu cha kimbunga kinatarajiwa kuvuka ufuko na kuingia nchi kavu, upepo mkali na mvua vitaanza mapema kuliko hapo." Ni ndefu, na msomaji wa habari alilalamika kwamba inamkata pumzi. Nilimwomba aisome yote, polepole, mara mbili.