Siku yangu na picha za harusi za watu

Saa 2 asubuhi. Kabla ya kuwasha skana nafuta kioo chake. Vumbi nisilolifuta sasa litanila muda mrefu baadaye kwenye kompyuta. Kazi ya leo ni albamu ya harusi ya miaka ya 1970. Binti wa maharusi anataka kuwazawadia wazazi wake nakala mpya.

Saa 3. Ni zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu. Gundi imegeuka njano na kuzing'ang'ania picha. Ukibandua kwa kucha utazipasua. Mimi napitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kama msumeno. Zinazogoma naziskani na ukurasa wake. Moja imegandana na kioo cha fremu. Hiyo haibanduliwi, inaskaniwa hivyo hivyo.

Saa 5. Doti 600 kwa inchi, faili la TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha. Picha ya sentimita 9 kwa 13 hapo inachapika mara mbili ya ukubwa wake bila kufifia.

Saa 8 mchana. Zote zimewiva wekundu. Kwenye karatasi nyingi za enzi zile, rangi ya sayani (buluu-kijani) huchuja mapema, hata albamu ikiwa gizani kabatini. Naanza na shela: likishakuwa jeupe, ngozi za watu nazo hukaribia kukaa sawa.

Saa 10. Hapa ndipo muda mwingi unapoishia. Mkunjo umekata shavu la bibi harusi. Zipo programu zinazokutengenezea uso mzima kwa sekunde chache. Unatoka mzuri, ila si wake. Nachota ngozi ya pembeni, naiziba kidogo kidogo. Juu ya mdomo kuna kidoa. Nafungua picha nyingine: kipo. Na nyingine: kipo. Basi ni chake, hakiguswi.

Binti anatuma ujumbe: "Fundi, na yule mzee anayepiga miayo nyuma, mtoe."

"Dada, huyo ni mgeni wao. Watamtafuta."

Anacheka, mzee anabaki.

Saa 1 usiku. Nachapa kwa wino wa pigimenti, wa chembe za rangi zisizochuja upesi, kwenye karatasi isiyo na asidi. Majina naandika nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya. Picha za zamani naziweka kwenye bahasha za karatasi, hazirudi tena kwenye ile gundi. Mafaili sifuti mpaka dada aniambie ameyahifadhi sehemu mbili.